Ingehamia, Ingalihamia, Ilikuwa Ihamie: Lugha ya Mipango Isiyotimia katika Kiswahili



1.0 Utangulizi

Awali ya yote naomba niwashukuru waandaaji wa mhadhara huu kwa kunipa heshima ya kusimama mbele yenu hapa Dodoma. Mada niliyoichagua ni ndogo kwa umbo. Inahusu viambishi viwili vya masharti, -nge- na -ngali-, pamoja na jamaa zao wachache. Hata hivyo, nitajaribu kuonyesha kwamba katika silabi hizo mbili tatu mzungumzaji wa Kiswahili huamua jambo zito: mpango ambao haukutimia autangaze kuwa umekufa au auache ukiwa na pumzi, na kama umekufa, nani aulizwe habari za kifo chake.

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari, nilisahihisha insha ya mwanafunzi ambaye wazazi wake walikuwa wakulima wa uwele. Aliandika hivi:

(1) Kama mvua ingalinyesha mwezi wa pili, leo tungekuwa na chakula ghalani.

Nikaikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu. Pembeni nikaandika kwamba achague kimoja: ama -ngali- katika vishazi vyote viwili, ama -nge- katika vyote viwili. Hiyo ndiyo kanuni niliyofundishwa, nami niliirithisha kama nilivyoirithi. Mwanafunzi hakubisha, ni nani hubishana na wino mwekundu? Lakini sentensi ile ilikataa kunitoka kichwani. Mwezi wa pili ulikuwa umekwisha kupita, na mvua yake isingeweza kurudi. Njaa, kwa upande mwingine, ilikuwapo siku ile ile alipokuwa akiandika. Kijana yule alihitaji viambishi viwili kwa sababu alikuwa na nyakati mbili. Mimi sikuwa nimeisoma sentensi yake. Nilikuwa nimeisoma kanuni yangu.

Mhadhara huu, kwa hiyo, ni usahihishaji upya wa insha ile. Mifano nitaichota katika historia ya uwanda huu wa kati, kwa kuwa sijui mahali pengine nchini ambapo mipango mikubwa imetangazwa, ikakwama, ikafa au ikafufuka kwa uwazi kama hapa.

2.0 Kanuni ya Darasani na Mipaka Yake

Tukumbushane kwanza mambo ya msingi. Sarufi za Kiswahili, tangu ile ya E. O. Ashton iliyochapishwa mwaka 1944 na kuathiri sana ufundishaji wa lugha hii, kwa kawaida hutenganisha masharti ya aina mbili. Aina ya kwanza ni sharti linaloweza kutimia, nalo huonyeshwa kwa -ki-, na -sipo- katika ukanushi:

(2) Mvua ikinyesha, tutapanda mtama.
(3) Mvua isiponyesha, hatutapanda.

Aina ya pili ni sharti la kufikirika tu, ambalo mzungumzaji haliwekei tumaini au anajua kwamba halikutimia. Hapo ndipo tunapokutana na -nge- na -ngali-. Darasani hufundishwa kwamba -nge- ni ya wakati uliopo na -ngali- ni ya wakati uliopita:

(4) Ningekuwa na ng'ombe, ningelima shamba kubwa zaidi.
(5) Ningalikuwa na ng'ombe mwaka ule, ningalilima shamba kubwa zaidi.

Huongezwa pia umbo -ngeli-, ambalo baadhi ya wasemaji hulitumia mahali pa -ngali- bila kubadilisha maana. Kisha huja sharti kwamba vishazi vyote viwili vibebe kiambishi kimoja.

Lipo jambo moja ambalo wanafunzi huliona gumu na ambalo linatufaa baadaye. Katika masharti ya namna hii, uyakinishi hudokeza kwamba jambo halikutokea, na ukanushi hudokeza kwamba lilitokea. Nikisema "Angalifika, angalituona", msikilizaji anaelewa kuwa hakufika. Nikisema:

(6) Reli isingalipita hapa, mji huu usingalikua,

msikilizaji anaelewa kuwa reli ilipita na mji ulikua. Ndivyo ilivyokuwa. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na Dodoma ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyonufaika.

Kanuni ya darasani ni nzuri kwa kuanzia. Tatizo ni kuifanya ndiyo mwisho wa safari. Kuna hoja tatu zinazoipinga.

Hoja ya kwanza ni matumizi. Nendeni sokoni Majengo hapa mjini, au kituo chochote cha mabasi, mtasikia watu wakisema "Jana ungekuja mapema ungemkuta." Neno "jana" limekwisha kuonyesha wakati, na msemaji haoni haja ya kuuonyesha mara ya pili ndani ya kitenzi. Akitaka kusisitiza kuwa tendo lingekuwa limekamilika, ataunda kitenzi ambatani: "ungekuwa umemkuta". Katika mazungumzo ya kila siku -ngali- imepungua sana. Maskani yake siku hizi ni maandishi, hotuba na vinywa vya wazee. Mtu anaweza kusikitika au kufurahi, lakini hawezi kusema kwamba mamilioni ya wasemaji wazawa na wasio wazawa wanakosea kila asubuhi.

Hoja ya pili ni ile ya mwanafunzi wangu: sharti linaweza kuwa la jana na tokeo likawa la leo. Kanuni inayodai vishazi vyote vifanane inamlazimisha msemaji kudanganya kuhusu mmojawapo wa wakati hizo.

Hoja ya tatu ndiyo kubwa, nayo itatuchukua muda uliobaki. Tofauti kati ya -nge- na -ngali-, pale ambapo mwandishi anayo yote mawili mkononi na anachagua, si ya wakati tu. Ni ya mlango. Anayechagua -ngali- anatangaza kuwa mlango umefungwa na ufunguo umetupwa. Anayechagua -nge- anasema mlango umerudishiwa tu. Hasemi kwamba utafunguliwa, lakini hajaupiga kufuli. Wakati uliopita huvuta -ngali- kwa sababu mambo yaliyopita kwa kawaida yamefungwa. Lakini si kila lililopangwa zamani limefungwa.

3.0 Dodoma: Muda Uliokufa na Mpango Uliobaki Hai

Mfano wa wazi uko chini ya miguu yetu. Mwezi Oktoba mwaka 1973, baada ya matawi ya chama kupigiwa kura ya maoni, TANU iliamua kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma. Mwaka huo huo iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi wetu tuliijua kwa ufupisho wa CDA. Mpango kabambe wa mji mpya ulitayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, na ulitolewa mwaka 1976. Kazi yote ya kuhama ilikusudiwa ichukue miaka kumi.

Miaka kumi ilipita. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, ukame uliilazimisha nchi kununua chakula nje, na vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 hadi 1979 vilikausha hazina. Wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Sasa tujiulize: mwandishi aliyeketi kuandika mwaka 1985 alipaswa kuandika sentensi ipi kati ya hizi mbili?

(7) Serikali ingalihamia Dodoma kufikia mwaka 1983 kama uchumi ungaliruhusu.
(8) Serikali ingehamia Dodoma kama uchumi ungeruhusu.

Mwalimu anayefuata kanuni ya wakati atasema (7) ni sahihi kwa sababu habari ni ya zamani, na (8) ina kasoro. Mimi nasema zote mbili ni sahihi, lakini hazisemi jambo moja. Sentensi ya (7) inazungumzia muda wa mwisho uliowekwa. Mwaka 1983 umepita na haurudi. Hakuna kiongozi wala hazina inayoweza kuufufua. Hapo -ngali- imekaa mahali pake hasa. Sentensi ya (8) haizungumzii tarehe. Inazungumzia azma yenyewe. Azma haikuwa imekufa. Ilikuwa imelala.

Historia ilithibitisha kwamba kuna tofauti. Bunge lilianza kufanya mikutano yake Dodoma mwaka 1996. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na ukumbi wa Chimwaga uliojengwa kwa mikutano ya chama ukawa sehemu yake. Tarehe 25 Julai 2016, katika maadhimisho ya Siku ya Mashujaa hapa mjini, Rais John Magufuli alitangaza kuwa serikali yake itahamia Dodoma, na Waziri Mkuu akatangulia kabla ya mwaka huo kwisha. CDA ilivunjwa mwaka 2017 na majukumu yake kukabidhiwa manispaa. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ilipewa hadhi ya jiji, na baadaye mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuitambua kuwa makao makuu ya nchi. Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2023.

Basi tumfikirie mwandishi wa mwaka 1990 aliyeandika, bila kutaja tarehe yoyote, kwamba "serikali ingalihamia Dodoma". Kisarufi alikuwa salama. Kihistoria alikuwa ametia saini cheti cha kifo cha mtu aliyelala. Kosa lake halikuwa la kiambishi kisichojulikana vitabuni. Lilikuwa la kudai ujuzi ambao hakuwa nao, yaani ujuzi kwamba mlango umefungwa daima. Kila tunapoandika -ngali- tunadai ujuzi wa namna hiyo, na ni haki ya msomaji kutuuliza tumeupata wapi.

Kutokana na mfano huu napendekeza kanuni ya kwanza: kabla ya kuchagua kiambishi, tutenganishe mpango na muda wake. Muda hufa peke yake, na una haki ya -ngali-. Mpango hufa tu pale wenye nao wanapouacha au pale vitu unavyovihitaji vinapotoweka.

4.0 Kongwa: Kishazi cha Sharti na Swali la Nani

Tuache Dodoma mjini, twende mashariki hadi Kongwa. Huko tunakuta mpango wa aina nyingine, uliokufa pamoja na muda wake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield ulitumwa kuchunguza uwezekano wa kulima karanga Afrika Mashariki. Ujumbe huo ulifanya kazi kwa majuma machache tu, na sehemu kubwa ya ardhi uliitazama kutoka angani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na kazi ilianzia Kongwa. Mwaka wa kwanza ulilengwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya vita, nayo yaliharibika kwa mizizi ya pori. Udongo wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi uliogeuka mgumu kama saruji jua lilipouchoma, hata karanga zikawa hazing'oleki. Mvua nayo ilikuja kwa namna inavyokuja Ugogo: kidogo, kwa kuchelewa, na kwa kukatika katikati. Mwezi Januari 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikawa zimepotea.

Katika habari hii hakuna mwandishi atakayeona shaka kutumia -ngali-. Mlango umefungwa. Lakini hapo ndipo swali la pili linapozaliwa, nalo halihusu kiambishi bali kishazi kinachokibeba. Tazameni sentensi hizi nilizozitunga:

(9) Mpango wa karanga ungalifaulu kama mvua ingalinyesha ya kutosha.
(10) Mpango wa karanga ungalifaulu kama matrekta yangalikuwa imara.
(11) Fedha zile zisingalipotea kama udongo ungalipimwa kabla ya pori kufyekwa.
(12) Fedha zile zisingalipotea kama wapangaji wangaliwauliza wenyeji kuhusu mvua.

Kisarufi sentensi zote nne hazina dosari. Kila moja, hata hivyo, inamshtaki mshtakiwa tofauti. Ya (9) inaishtaki mbingu. Ya (10) inavishtaki vyuma. Ya (11) inashtaki, lakini imemficha mshtakiwa ndani ya kauli ya kutendwa: udongo ungalipimwa na nani? Ya (12) peke yake ndiyo inayomtaja mtu, inataja kazi aliyopaswa kuifanya, na inataja ujuzi uliokuwapo karibu naye asiutumie. Wagogo walikuwa wakilima uwele na mtama na kufuga ng'ombe katika nchi hiyo hiyo, na uchaguzi wao wa mazao ulikuwa ni jibu la maswali ambayo wapangaji hawakuyauliza.

Sisemi kwamba (9) ni uongo. Mvua kweli ilipungua. Lakini mvua ya uwanda wa kati, ambayo kwa wastani haizidi sana milimita 500 au 600 kwa mwaka, hupungua mara kwa mara. Sharti ambalo mtu mwenye busara alipaswa kujua kuwa huenda lisitimie si udhuru. Ni sehemu ya kosa. Mwandishi anayeandika (9) na kuishia hapo amewatoa watu wote mahakamani akaibakiza anga peke yake kizimbani.

Hii ndiyo sababu nasema kwamba sentensi ya masharti yasiyotimia ni hati ya mashtaka. Kishazi cha tokeo hutaja hasara. Kishazi cha sharti humtaja wa kuulizwa. Napendekeza kanuni ya pili: mwandishi wa -ngali- aulize kama sharti lake lilikuwa mikononi mwa mtu, na kama lilikuwa, amtaje mtu huyo katika kauli ya kutenda.

Kabla hatujaondoka Kongwa, niongeze jambo moja. Ardhi ile haikukaa bure. Ilikuja kuwa ranchi ya ng'ombe, na kuanzia mwaka 1964 Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwamo wa FRELIMO, ANC na SWAPO. Wakati huo watu wengi duniani waliutazama ukombozi wa nchi zao kama jambo la -nge-: lingekuwa zuri kama lingewezekana. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, Namibia mwaka 1990, na Afrika Kusini ilifanya uchaguzi wa watu wote mwaka 1994. Kwa mwenye mpango, umbo la kitenzi ni -ta-. Mara nyingi ni mtazamaji wa pembeni anayeanza kusema -nge-, na mwenye haraka anayerukia -ngali-.

5.0 Mpango Usio na Sharti: "Ilikuwa Ihamie"

Hadi sasa nimezungumza kana kwamba kila mpango usiotimia lazima uelezwe kwa sharti. Sivyo. Kiswahili kinalo umbo jingine ambalo sarufi zetu zimelipa nafasi ndogo mno, nalo ni kitenzi "kuwa" katika wakati uliopita kikifuatwa na kitenzi cha dhamira tegemezi:

(13) Serikali ilikuwa ihamie Dodoma ndani ya miaka kumi.
(14) Wakulima walikuwa wapande mwezi wa kumi na mbili.
(15) Nilikuwa nije kwenu jana.

Umbo hili ni la kila siku. Mtoto hulitumia akijitetea kwa mama yake. Uzuri wake ni kwamba linaeleza azma iliyokuwapo bila kudai kitu kingine. Halisemi kwa nini azma haikutimia, halimshtaki mtu, na halifungi mlango. Anayesema "Serikali ilikuwa ihamie" anabaki na uhuru wa kuendelea: "na ikahamia baadaye", au "lakini haikuhamia kamwe". Kwa mwandishi wa historia ambaye bado hajachunguza sababu, hili ndilo umbo la unyofu. Linalingana na ujuzi wake.

Umuhimu wa umbo hili unaonekana zaidi tukitazama tatizo la tafsiri. Katika Kiingereza, mtu anaporipoti ahadi ya mtu mwingine, kitenzi cha wakati ujao hugeuzwa umbo ili kifuatane na kitenzi kikuu cha wakati uliopita. Na umbo linalopatikana linafanana na lile la masharti. Watafsiri wetu wanaofanya kazi kwa haraka hulihamisha umbo hilo moja kwa moja, wakaandika:

(16) Mkuu huyo alisema barabara ingejengwa mwaka ujao.

Msomaji wa Kiswahili akisoma hivyo, husubiri. Ingejengwa kama nini? Kama fedha zingepatikana? Kama wananchi wangekubali? Ahadi imegeuzwa kuwa shaka bila mwandishi kukusudia, na bila mtoa ahadi kusema hivyo. Kiswahili hakihitaji mgeuzo huo. Tunaripoti kwa kuhifadhi wakati wa msemaji mwenyewe:

(17) Mkuu huyo alisema barabara itajengwa mwaka ujao.

Tofauti ya (16) na (17) si ya mapambo. Mwaka unaofuata wanakijiji wakimwendea mkuu huyo na gazeti mkononi, sentensi ya (17) ni ushahidi. Sentensi ya (16) inampa mlango wa nyuma: hakuahidi, alisema "ingejengwa" tu. Mwandishi wa habari amemfanyia kiongozi kazi ya wakili bila malipo.

Na hapa nitaje pia -nge- ya adabu, maana inatembea jirani. Tunasema "ningependa", "ningeomba", "tungeshauri" ili tusimkabili mtu kwa ghafla. Ni mapambo mema ya lugha yetu. Lakini adabu hiyo ikiingia katika nyaraka za mipango, huzaa sintofahamu. Kijiji kikiandikiwa kwamba "tungependa kuwajengea zahanati", je, kimeahidiwa au kimekataliwa kwa upole? Sentensi hiyo inamwezesha mwandishi kutoa maana zote mbili, kila moja kwa siku yake. Adabu ibaki katika maombi. Katika ahadi tuseme -ta-.

6.0 "Ungali" na "Ungalikuwa"

Nimesema mara kadhaa kwamba kuna mipango iliyokufa na iliyolala. Kiswahili chenyewe kimeweka tofauti hiyo katika jozi ya maneno yanayofanana mno, nami sijaacha kuistaajabia tangu nilipoitambua:

(18) Mpango ungali hai.
(19) Mpango ungalikuwa hai.

Katika (18), umbo "ungali" lina maana ya "bado u". Ndilo umbo tunalolikuta katika "mtoto angali mdogo" na "wazee wangali wakikumbuka". Katika (19), sauti zile zile zikiongezewa kitenzi "kuwa" zinageuka kuwa tangazo la msiba: mpango si hai. Silabi za ziada ni mbili tu, na kati yake iko tofauti ya uhai na kifo.

Si nia yangu leo kutoa hukumu ya asili ya viambishi hivi. Hiyo ni kazi ya isimu linganishi ya lugha za Kibantu. Ninachokisema ni cha matumizi. Mwanafunzi asiyefundishwa jozi hii atasoma maandishi ya zamani na kuelewa kinyume. Nimeona mwanafunzi akisoma "angali akilima" na kueleza kwamba mtu huyo hakulima. Nilipomuuliza sababu, alijibu kuwa amefundishwa kuwa -ngali- ni ya mambo yasiyotokea. Alikuwa mtiifu kwa kanuni, kama nilivyokuwa mimi na wino wangu mwekundu. Umbo "ungali" linapoachwa likafa, na nafasi yake ikachukuliwa na "bado" pekee, hatupotezi neno tu. Tunapoteza kioo ambamo "ungalikuwa" hujitazama.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Mabibi na mabwana, naomba sasa nikusanye niliyoyatawanya.

Kwa walimu wenzangu: tusiikate -nge- inayosimulia mambo yaliyopita ikiwa wakati umekwisha kuonyeshwa na neno jingine, wala tusikate sentensi yenye -ngali- katika sharti na -nge- katika tokeo ikiwa nyakati zake kweli ni mbili. Tuulize kwanza mwanafunzi alikusudia nini. Wakati huo huo tusiiache -ngali- ipotee madarasani kwa kisingizio kwamba mitaani haisikiki. Mwanafunzi apewe maumbo yote, aonyeshwe kazi ya kila moja, kisha aachiwe achague na atoe sababu.

Kwa waandishi wa habari na watafsiri: ahadi iripotiwe kwa -ta-, si kwa -nge-.

Kwa waandishi wa historia: tutenganishe mpango na muda wake, tutumie "ilikuwa ihamie" pale tunapojua azma lakini hatujajua sababu, na tunapoamua kuandika -ngali-, tumtaje mtu ambaye sharti lilikuwa mikononi mwake.

Kwa wanaisimu vijana wa chuo hiki: iko kazi inayowasubiri. Lugha zinazozungumzwa kuzunguka jiji hili, Kigogo kikiwa cha kwanza, nazo zina njia zake za kueleza yasiyotimia. Je, Mgogo anayezungumza Kiswahili huchagua -nge- na -ngali- kwa kufuata mkondo wa lugha yake ya kwanza? Rikoda ndogo, daftari, na subira ya kukaa na wazee chini ya mbuyu vinatosha kuanza.

Husimuliwa kwamba jina la mji huu limetokana na neno la Kigogo linalohusu kuzama, kwa sababu ya tembo aliyedidimia katika tope la mahali hapa. Anayemtazama tembo wa namna hiyo ana sentensi tatu za kuchagua. Anaweza kusema alikuwa avuke. Anaweza kusema angevuka kama angesaidiwa. Anaweza kusema angalivuka. Ya kwanza inahitaji macho tu. Ya pili inaita watu walete kamba. Ya tatu inaruhusu kila mtu arudi nyumbani, na kwa hiyo isitamkwe kabla ya kuhakikisha kwamba tembo hapumui.

Mwanafunzi wangu wa zamani sikupata kumrudishia alama zake. Shule zilifungwa, akahitimu, na daftari lile siwezi kujua liliko. Kwa alama zile sina budi kutumia -ngali-: ningalimpa zote, kama ningalisoma vizuri. Kwa wanafunzi walioko mbele yetu leo, mlango haujafungwa.